Siku Kanisa Lilipoukinga Upepo Wangu

Majira yale ya baridi nafasi ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili. Mwishoni mwa Machi meli ya utafiti ingeondoka Alaska kwenda kaskazini, hadi pale bahari inapoacha kuwa maji na kuanza kuwa barafu, na idara yetu ya chuo kikuu hapa Minneapolis ilikuwa imepewa kitanda kimoja cha mwanafunzi. Mwenzangu alikuwa kijana wa Minnesota, mzaliwa wa kaskazini kabisa mwa jimbo, aliyejua kutoboa barafu ya ziwa kabla hajajua kuendesha baiskeli. Mimi nilikuwa binti wa Morogoro. Barafu niliyoizoea tangu utotoni ni ile ya ubuyu, inayofungwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki na kuuzwa nje ya geti la shule.

Profesa wetu, mtu mrefu wa maneno machache, alitangaza utaratibu. Kila mmoja wetu angechukua vifaa vilevile ambavyo vingepanda melini, avisimamishe kwa siku tatu juu ya ziwa lililoganda, kisha aandike ripoti. Akishazisoma ripoti zote mbili angeamua nani aende. Mwenzangu alipangiwa wiki ya kwanza ya Januari. Mimi nilipewa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Ni vizuri nieleze tulichokuwa tukikitafuta, kwa sababu hata kanisani nilitakiwa kukieleza karibu kila Jumapili. Hewa inayokaa juu ya barafu ya bahari ni baridi na nzito, imelala chini kama paka. Ikisukumwa na upepo hadi ukingoni, inakutana ghafla na maji ya wazi ambayo, kwa kuwa hayajaganda, yana joto kuliko hewa hiyo. Inapashwa moto kutoka chini, inapanda, inabeba unyevu, na mbele kidogo mawingu yanaanza kujipanga mistari kama matuta ya shamba. Mambo hayo yote yanaanzia kwenye mita chache za chini kabisa za anga, na setilaiti ikiwa huko juu inaziona vibaya. Kwa hiyo anapelekwa mtu mwenye mlingoti wa vipimo. Wetu ulikuwa wa mita sita, mwembamba, wenye vipimajoto vitatu vilivyopangwa kwa ngazi, vipimaupepo viwili, kifaa cha kupima unyevu, na kisanduku chini yake kinachoandika kila kitu kila sekunde.

Jumapili nilikuwa naimba sauti ya pili katika kwaya ya ibada ya Kiswahili, iliyokusanya Wakenya, Wakongo, na Watanzania watatu pamoja nami. Kiongozi wa kwaya alikuwa mzee kutoka Uvira, Kongo, mpanga mizigo katika ghala moja upande wa Woodbury siku za kazi, na jemadari siku ya Bwana. Sote tulimwita Papa. Mkono wake wa kulia ukipanda, watu wenye wajukuu walifunga midomo.

"Mutoto, pale universite unasoma nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Shikamoo Papa. Nasoma hewa."

"Bonjour. Hewa ya nini?"

"Hii ya chini. Inayogusa barafu."

"Barafu ya frigo?"

"Ya bahari, Papa. Kule kaskazini."

Alinitazama kwa huruma. "Bengine wanasoma moyo. Bengine wanasoma sheria. Weye walikupatia bourse, feza ya masomo, ukachagua hewa."

Mwenye nyumba wangu alilichukua jambo hilo kwa namna nyingine. Alikuwa muuguzi, Mkenya wa Nakuru, mwenye nyumba ya ghorofa moja katika kitongoji cha Apple Valley ambamo mimi nilipanga chumba cha chini. Watoto wake walikuwa wameshaondoka, na nadhani chumba kile hakikuhitaji mpangaji bali mtu wa kuulizwa kama amekula. Nilimwita Mama. Yeye alinitambulisha kwa kila mtu kuwa daktari wa hewa, na kwa hiyo baada ya ibada watu walinifuata kuniuliza kama theluji itaanguka Jumamosi ya harusi fulani. Nilimweleza shangazi mmoja wa bibi harusi kwamba mimi sitabiri, mimi natazama tu zile mita chache za chini.

"Si harusi pia itakuwa kwa hizo mita za chini," akasema. "Ama unafikiri tutaifanyia kwa ndege?"

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia Mama ukweli. Jumatano, tukiwa mezani, nilimwambia kuwa siku tatu zijazo nitashinda juu ya ziwa.

"Juu ya ziwa, wapi?"

"Juu ya barafu yenyewe. Kuna ziwa dogo hapa kusini, robo saa tu kwa gari."

"Na nani?"

"Peke yangu. Kila mmoja anafanya siku zake."

Aliweka kijiko chini. "Peke yako. Kwa hii baridi. Na hiyo koti yako nyepesi ya spring."

Nikamweleza kuhusu kitanda cha melini. Nikamweleza kwamba nikikosea hapa, mwenzangu ataenda na mimi nitabaki Minneapolis nikichora grafu za vipimo vya watu wengine. Alisikiliza vizuri sana, kama anavyosikiliza wagonjwa, halafu akaenda chumbani na simu yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba usiku uleule jina langu liliingia kwenye orodha ya maombi, chini ya kichwa kinachohusu walio katika majaribu.

Alhamisi ilikwenda kama nilivyoipanga. Ziwa lile lilichaguliwa kwa sababu upande mmoja kulikuwa na pampu inayotoa mapovu chini ya maji ili samaki wasikose hewa, na kwa sababu ya mapovu hayo palibaki duara la maji yasiyoganda, lililozungushiwa kamba na vibao vya onyo. Hilo ndilo lilikuwa bahari yangu ya wazi. Niliusimamisha mlingoti mbali na kamba, upande ambao upepo ungefika baada ya kupita juu ya barafu, kisha juu ya maji. Upepo ulitoka kaskazini magharibi, mwembamba na wa uhakika. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Ng'ambo kulikuwa na vibanda vya wavuvi vilivyopandwa juu ya barafu, kimoja kina pazia dirishani, na mara moja kwa saa mlango wake ulifunguka, mtu akanitazama, na mlango ukafungwa.

Kila saa niliandika daftarini: saa, mwelekeo wa upepo, mawingu, kilichopita. Gari la mvuvi, limepita mashariki, mita mia mbili. Mbwa mmoja, amekojolea kamba ya tatu ya mlingoti. Ijumaa ilikuwa hivyohivyo, bila mbwa. Mchana ule nilifungua kisanduku na kuchungulia namba, na nilipoona kipimajoto cha chini kikiinuka kidogo kila upepo ulipopita sawasawa juu ya maji, nilijua nina kitu. Ongezeko lilikuwa dogo, sehemu ya kumi ya nyuzi hapa, sehemu mbili pale. Lakini ndilo nililotumwa kulitafuta. Zilibaki saa nane za Jumamosi nzuri, na nilianza kujiona melini.

Jumamosi saa sita na nusu nikasikia honi.

Kwenye ufuko yalikuwa yamesimama magari mawili, na la tatu, basi dogo la Mama, lilikuwa linateremka taratibu kwenye barafu likija kwangu. Mama alikuwa ameona magari ya wavuvi na akaamua kwamba sheria ni ileile kwa wote. Nyuma yake, kwa miguu, wakiwa wameshikana mikono kama wanaovuka barabara kuu, walikuja wanakwaya. Papa alikuwa wa mwisho. Alisimama pale ufuko unapoishia.

"Papa, kuja," Mama alimwita kupitia dirishani. "Hapa hata polisi wanadrive juu ya ziwa."

"Petro alikanyaga maji," Papa akajibu kutoka mbali, "akazama, na Yesu alikuwa pale pale. Miye niko na nani?"

"Uko na mimi."

Akafikiri, akavuka.

Nilihesabu watu kumi na wanne. Walishusha jiko la gesi, mtungi, sufuria kubwa ya harusi, maziwa, majani ya chai, tangawizi, na ndoo ya mandazi iliyofungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Niliwashukuru kwa moyo wote na papo hapo nikaanza kutafuta namna ya kuwaomba wakae upande wa pili. Kwetu huwezi kumpokea mgeni kwa kumwonyesha pa kutosimama. Unaanza na safari ilikuwaje, unauliza watoto, unauliza goti la mama fulani. Nilikuwa bado kwenye goti wakati Papa alipovua glavu moja, akalowesha kidole, akakiinua.

"Mutoto, upepo iko inatoka wapi?"

"Kule, Papa. Kaskazini magharibi," nikajibu, kwa fahari kidogo, maana ni swali la kitaalamu.

"Bien." Akageuka. "Bamama, bababa, kujeni huku. Simameni hapa, mustari moja. Munamuacha mutoto anapigwa na froid, baridi yote hii, na nyiye muko munaangalia. Tumufunike."

Na kwaya, ambayo haijawahi kumbishia, ikajipanga. Walisimama bega kwa bega kati yangu na upepo, yaani kati ya mlingoti na upepo, yaani mahali pekee katika ziwa zima ambapo sikutaka kiumbe chenye damu moto kisimame. Mama alilisogeza basi lake likaziba upande wa kushoto na kuliacha linaunguruma ili mwenye kuhisi baridi aingie. Jiko likawashwa katikati. Nilitazama kipimaupepo cha chini. Vikombe vyake vidogo, vilivyozunguka bila kupumzika tangu Alhamisi, vilipunguza mwendo, vikasitasita, vikasimama.

"Papa," nikasema, "samahani sana. Mngeweza labda kusogea upande ule, nyuma yangu?"

"Pale si utapigwa na upepo?"

"Ndiyo. Nautaka."

"Unataka upepo."

"Ndiyo kazi yangu."

Alinitazama, kisha akamgeukia Mama. "Baridi ilishaingia kichwani."

"Mpe chai," Mama akasema. "Mimi nimeona watu hivi kazini. Wanaanza kuongea vitu havi-make sense, halafu wanavua nguo."

Nilipewa chai. Nilijaribu tena kwa Mama, kwa sauti ya chini, na akaniambia nisiwe na wasiwasi, hawachoki. Nilijaribu kwa dada mmoja wa sauti ya kwanza, naye akasogea hatua moja kushoto, kwa adabu, akaziba pengo la mwisho. Kisha wakaimba. Sufuria ikachemka, na wingu la mvuke wenye tangawizi likapanda, likayumba, likaufunika mlingoti wote kuanzia kipimajoto cha kwanza hadi cha tatu. Ilikuwa, lazima nikiri, chai nzuri kuliko zote nilizokunywa katika nchi hii. Mlango wa kibanda cha mvuvi ukafunguka, na safari hii haukufungwa.

Walikaa dakika hamsini na mbili. Papa alipoondoka alinishika bega. "Leo hakuna upepo ilikugusa," akasema, na ilikuwa kweli kabisa. Vipimo vyote vilithibitisha.

Jumatatu niliziweka namba kwenye skrini ya maabara. Siku mbili zilikuwa na mstari mtulivu wenye vinundu vidogo vya ukweli. Siku ya tatu ilikuwa na mlima. Upepo ulianguka hadi sifuri, joto lilipanda, unyevu uliruka kama vile nimebeba mlingoti na kuuingiza bafuni. Mwenzangu alisimama nyuma yangu akila tufaha.

"Hiyo ni nini?"

"Kanisa."

Nikamsimulia. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akawa mwema kwangu, jambo lililonitesa zaidi. "Futa ile saa," akasema. "Andika kwamba betri iliganda. Januari hapa betri zinaganda, kila mtu anajua. Yangu nusura igande."

Nilikaa na wazo hilo kwa siku mbili. Lilikuwa wazo zuri. Hakuna ambaye angeuliza. Saa moja kati ya ishirini na nne si kitu, na bila ile saa ripoti yangu ilikuwa karibu sawa na ya kwake. Lakini daftari lilikuwa na ukurasa mzima wa saa ile, kwa sababu wakati wanaimba sikuwa na la kufanya na mkono ulikuwa unaandika wenyewe: saa sita na dakika arobaini na moja, watu kumi na wanne, basi moja injini inaunguruma, jiko moja, sufuria moja. Saa saba kasoro kumi, maziwa yamemwagika. Kufuta namba nilikuwa tayari. Kuandika kwamba betri iliganda, huku mbele yangu kumeandikwa maziwa yamemwagika, sikuweza. Niliweka yote kwenye ripoti, pamoja na mchoro unaoonyesha sauti ya kwanza ilisimama wapi na besi wapi, nikaipeleka, nikaanza kujizoesha kusema kwamba hata kuchora grafu ni kazi muhimu.

Profesa aliniita Ijumaa. Ripoti yangu ilikuwa imefunguliwa kwenye ukurasa wa mchoro.

"Hawa ni akina nani?"

"Kwaya yangu."

"Na walisimama upande wa upepo kwa nini?"

"Ili nisipate baridi."

Aliutazama mchoro muda mrefu. Mdomo wake ulifanya kitu kidogo ambacho kwa mtu mwingine kingekuwa kicheko. "Ripoti ya mwenzako ni safi kuliko yako," akasema. "Vipimo vyake vimekamilika."

"Najua."

"Lakini yako inanionyesha kifaa kilichukua sekunde ngapi kuitambua ile sufuria. Nilikuwa nataka kujua hilo kwa miaka mingi. Ufa wa maji ukifunguka katikati ya barafu, joto lake linapita haraka hivyohivyo." Akafunga ripoti. "Tatizo langu ni jingine. Uliandika hapa kwamba uliwaomba wasogee mara tatu."

"Ndiyo."

"Hawakusogea."

"Hapana."

"Melini tutakuwa watu arobaini. Kila saa kutakuwa na mtu anayevuta sigara upande wa upepo, au anayepiga picha chini ya mlingoti, au bosi wa meli anayetaka kuegesha kreni. Vifaa vinajua kazi yake. Mtu ninayempeleka ni mtu wa kuwaambia watu watoke. Unaweza?"

Nilisema naweza. Wote wawili tulisikia jinsi sauti ilivyotoka.

"Basi niletee kwaya," akasema. "Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka wasimame umbali wa aina tatu, kwa kipimo, ili tuone joto lao linafifia wapi. Wewe utawapanga. Mimi nitakuwepo, lakini sitasema neno."

Tangazo lilitolewa na Papa mwenyewe, kwenye mazoezi ya Jumatano. Alisema profesa wa universite ameona kazi yao, ameipenda, na anaomba irudiwe. Nilitaka kusahihisha sehemu fulani za taarifa hiyo lakini mkono wake ulikuwa juu.

Jumamosi walikuja watu ishirini na sita. Baadhi walikuwa wamevaa vitenge juu ya makoti, kwa ajili ya picha. Nilikuwa nimefika mapema na kupigilia vijiti vyekundu kwenye barafu: mita kumi, mita thelathini, mita sitini. Mwenzangu alikuwepo kusoma saa. Profesa alisimama kando, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, mikono mifukoni. Upepo ulikuwa mkali kuliko siku ile, na ndiyo sababu Papa, alipofika, hakutazama kijiti hata kimoja. Aliinua kidole, akapata mwelekeo, akawapanga watu mita tatu kutoka kwenye mlingoti.

Niliwasalimu. Niliwashukuru. Nilieleza vijiti. Watu wa mbele walitikisa vichwa kwa upendo na kubaki walipo.

"Papa, leo tungeanzia kwenye kile cha mbali, kama haitakuwa usumbufu."

"Upepo ya leo ni mubaya," akasema. "Tutaanza hapa, halafu tutaona."

Nilimwangalia profesa. Alikuwa anatazama ndege. Nilimwangalia Mama, aliyekuwa amekumbatia ndoo yake ya mandazi.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Sema unachotaka. Kwani uliniita mimi ndio nipime hewa?"

Nilisogea karibu na Papa, nikapiga goti kidogo kama ninavyofanya nikimsalimu, na nikazungumza kwa sauti ambayo wengine wangeisikia.

"Papa, kanisani ukiinua mkono mimi nanyamaza. Hata kama nilikuwa nimeanza vizuri, nanyamaza. Sijawahi kukuuliza kwa nini."

"Ni kweli."

"Hapa juu ya barafu, mwenye kwaya ni mimi. Naomba usogee mpaka kijiti cha mwisho, na usikiache mpaka niinue mkono wangu."

Nilihisi joto linapanda shingoni, na nakumbuka nilijiuliza kama kipimajoto cha chini kinalisoma. Papa alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyeingia nusu sauti juu, akitafuta kosa liko kwa nani.

"Mukono gani?" akauliza.

"Wa kulia."

"Bien." Akageuka, akaanza kutembea, na wote ishirini na watano wakamfuata hadi mita sitini. Mtu mmoja alitaka kurudi kuchukua simu yake nikamsikia Papa: "Simama. Chef, mukubwa wa hapa, hajainua mukono. Hii si soko."

Tulifanya kazi saa moja na nusu. Mita sitini, mlingoti haukujua kama kuna mtu duniani. Mita thelathini, ulianza kuhisi. Mita kumi, ulijua kuna kanisa zima, na mwenzangu akasoma namba kwa sauti, na kila zilipopanda watu walishangilia kana kwamba ni mchango wao binafsi. Mara ya nne nilipoinua mkono hawakunitazama usoni tena, walitazama mkono tu. Mvuvi wa kile kibanda chenye pazia alikuja kuuliza kinachoendelea na, kabla hajafika karibu, nilimwambia azungukie nyuma. Alizungukia nyuma.

Tulipomaliza, profesa alikuja hadi nilipokuwa nakunja kamba. "Tarehe ishirini na nne Machi," akasema. "Mwenzako nimeshaongea naye, atapanda safari ya msimu ujao. Pasipoti yako ikague leo." Mwenzangu alinipa mkono, mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na andazi.

Papa akataka kujua profesa amesema nini, nikatafsiri. Nilitegemea kelele. Badala yake macho yote yakaenda kwa Mama.

"Wiki ngapi?" Mama akauliza.

"Sita."

"Na huko mji wa karibu ni gani?"

"Hakuna mji, Mama. Kuna maji, halafu barafu."

Aliweka ndoo chini. Alifunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni, akakanyaga barafu kwa hatua za mtu anayeingia wodini, akaenda kusimama mbele ya profesa, ambaye alimzidi urefu kwa kichwa kizima. Papa akamfuata, akasimama kulia kwake. Nilitaka kuwafuata, lakini Mama aliinua kiganja bila kugeuka, nami nikabaki nilipo.

Nilisikia akianza kwa Kiingereza chake cha kazini, taratibu na wazi: kwamba wazazi wangu wako mbali na wamemkabidhi yeye, na kwamba kabla hajaniruhusu ana maswali machache. Kama melini kuna daktari, na kama daktari huyo ni daktari wa kweli au mtu wa huduma ya kwanza tu. Wanawake ni wangapi na wanalala wapi. Nani anapika. Kama yeye profesa ana mke, na kama mke huyo anajua anakokwenda. Papa alitikisa kichwa kila baada ya swali, na mwishoni akaongeza la kwake, ambalo Mama alilitafsiri: je, akiugua, meli inageuka au haigeuki?

Profesa alivua kofia, katika baridi ile, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na akaanza kujibu, swali la kwanza kwanza.